Albamu Zimetupa Shujaa, Zikatunyima Mji

Wasomaji wa hapa mmezoea kuona albamu zikipangwa na kupewa alama, ya kwanza mpaka ya kumi. Leo napanga za Morogoro, lakini kwanza lazima tuelewane jambo moja. Katika miaka yake mizuri, tuseme kuanzia 1955 mpaka 1979, Morogoro haikuwa mji wa kutengeneza albamu. Ilitengeneza nyimbo, moja moja. Wimbo ulienda kurekodiwa redioni, au ulipigwa kwenye santuri ndogo yenye pande mbili, basi. Haya magamba makubwa na CD tunazoziita leo "albamu za Mbaraka Mwinshehe" au "albamu ya Salum Abdallah" kwa sehemu kubwa zilipangwa na watu wengine, mahali pengine, wenyewe wakiwa wameshazikwa.

Mtu akisikia hivyo atauliza: sasa tatizo liko wapi? Muziki si ni uleule? Ni uleule na si uleule. Nitaeleza.

Niwachukue kwanza kwenye bluzi, maana ndiko mfano ulipo wazi zaidi. Kwa wengi wetu tuliokulia Tanzania, bluzi ni ule muziki wa polepole unaowekwa disko karibu na usiku wa manane, taa zinapunguzwa, kila mtu anatafuta wa kumshika kiuno. Wamarekani weusi waliouanzisha walikuwa na maana nyingine. Bluzi ilikua kusini mwa Marekani, kwenye mashamba ya pamba kando ya mto Mississippi, na ilisafiri na reli kwenda kaskazini pamoja na watu waliokuwa wakitafuta kazi. Mwaka 1920 Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues", santuri ikauzika sana, na kampuni zikagundua kuwa watu weusi nao wananunua. Tangu hapo wapiga gitaa wa mashambani wakaanza kuitwa studio. Charley Patton, mtu wa Mississippi, alipelekwa mpaka Grafton, Wisconsin, mwaka 1929, kurekodi nyimbo zake juu ya mafuriko makubwa ya 1927. Wimbo wa tope la kusini ukakatwa kwenye baridi ya kaskazini.

Sasa tazama Morogoro. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1907, enzi za Mjerumani. Chini ya milima ya Uluguru yakaenea mashamba ya mkonge: Tungi, Kingolwira, na ukienda upande wa Kilosa unakuta Kimamba. Mkonge ulileta watu wa kila kabila, wakakaa kambini na wakapokea ujira mwisho wa mwezi. Waluguru waliteremka na ndizi na mboga zao kuja sokoni. Wenye hela kidogo walinunua gramafoni. Mji wa namna hiyo, wenye stesheni, mkonge, soko na vijana wasio na wazee wa kuwakemea usiku, ukikosa muziki ni ajabu. Kwa hiyo nikisema Morogoro ni Mississippi yetu sina maana kwamba muziki unafanana. Nazungumzia shamba, reli, mshahara na upweke. Muziki wenyewe ulikuja na njia nyingine kabisa, kutoka Kuba.

Hapo ndipo anaingia Salum Abdallah Yazidu, aliyefupishwa jina kuwa SAY. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba Mwarabu, mama Mluguru. Miaka ile kampuni ya HMV ilikuwa ikileta Afrika santuri za muziki wa Kuba zenye namba zinazoanza na herufi GV, na kijana huyu zikamkaa kichwani. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani mpaka Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Kuba. Iwe hadithi au kweli, hakufika. Akarudi, na mwaka 1948 akaanzisha La Paloma, kikundi ambacho baadaye kilikuwa Cuban Marimba Band. Kwa jina hilo alirekodi nyimbo nyingi ambazo kampuni ya Assanand ya Mombasa ilizitoa kwa chapa ya Mzuri.

Ukitaka kumsikia leo, tafuta "Ngoma Iko Huku", mkusanyo uliotolewa na kampuni ya Dizim ya Ujerumani mwaka 2000, wenye rekodi za 1955 hadi 1965. Mimi naipa nafasi ya kwanza kati ya albamu zote za Morogoro, na najua wapenzi wa Mbaraka watanuna. Sababu yangu ni hii: humo unamsikia mtu anayekopa na hapo hapo analipa deni. Mapigo ni ya Kuba, tena kuna mahali anatia maneno ya Kihispania kwa raha zake tu. Lakini sauti ni ya Kiswahili safi, haina haraka, inatulia juu ya mapigo kama mtu aliyekaa barazani kwake. Anapoimba juu ya shemeji, juu ya mapenzi, juu ya ngoma yenyewe, unajua anazungumza na nani. Anazungumza na watu wa mtaa wake. Hata jina la albamu linasema hivyo. Yule kijana aliyetaka kwenda Kuba ameishia kuwaambia watu kwamba ngoma iko huku.

Kasoro ya albamu hiyo si ya waliotengeneza, ni ya umbo la albamu. Nyimbo zimepangwa moja baada ya nyingine, fupi fupi, na ukisikiliza zote kwa mkupuo unaanza kuona zinafanana. Hazikutungwa zisikilizwe hivyo. Kila moja ilikuwa tukio, wimbo wa mwezi huo, unaopigwa mpaka santuri inakwaruza. Ndiyo maana nashauri usikilize mbili kwa siku, kisha zima. Utanishukuru.

Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Bessie Smith naye, malkia wa bluzi, alikufa kwa ajali ya gari karibu na Clarksdale, Mississippi, mwaka 1937. Na Mbaraka, kama tutakavyoona, barabara ilimmaliza vilevile. Mwanamuziki wa dansi maisha yake ni safari za usiku.

Baada ya Salum, Juma Kilaza aliishika Cuban Marimba, na bendi haikufa. Hilo tulikumbuke, maana albamu haziwezi kutuonyesha. Kwenye mikusanyo, Cuban Marimba inaishia pale Salum anapoishia. Mjini iliendelea, tena ikiwa na mshindani wa kweli, Morogoro Jazz. Mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga. Bendi ikitoka na wimbo, nyingine lazima ijibu. Na kila moja ilikuwa na mtindo wake wenye jina, maana bendi ya Tanzania bila mtindo ilikuwa kama timu bila jezi. Morogoro Jazz walikuwa na Likembe na Sululu.

Neno "jazz" nalo lisikudanganye. Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz: hawa wote walipiga dansi, rumba na chacha, wala hawakuwa na habari kubwa na jazz ya Marekani. Jazz maana yake ilikuwa bendi yenye vyombo vya kisasa, yaani magitaa, ngoma za kizungu, midomo ya bata ikiwezekana. Na bendi hizi zilikuwa vyama. Vyombo vilikuwa mali ya chama au ya tajiri fulani, wanamuziki waliingia na kutoka, jina likabaki. Morogoro Jazz inahesabiwa kuanza mwaka 1944. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka huohuo wa 1944. Tafakari hapo: bendi inayoitwa leo "bendi ya Mbaraka" ilikuwa na umri sawa na wake. Alipojiunga nayo katikati ya miaka ya sitini, aliikuta ina miaka ishirini.

Hapa ndipo tofauti na bluzi inapokuwa kubwa. Robert Johnson alikuwa yeye na gitaa lake. Aliingia studio San Antonio mwezi Novemba 1936, na Dallas mwezi Juni 1937, akaacha nyimbo 29, akafa mwaka 1938. Ukisikia sauti na gitaa, vyote ni vyake. Kumwita shujaa ni haki. Lakini rekodi ya Morogoro Jazz ni ya kundi. Kuna gitaa la solo la Mbaraka, sawa, linalojulikana kuliko mengine. Kuna gitaa la kati linalozunguka palepale bila kuchoka, na hilo ndilo linalokufanya usimame ucheze. Kuna besi. Kuna waitikiaji. Mimi nikisikiliza rekodi za wakati ule, sikio langu huenda kwenye gitaa la kati, na kila mara najiuliza huyu bwana ni nani. Majalada mengi hayasemi.

Rekodi zilipatikanaje? Utangazaji wa Sauti ya Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na kufikia 1965 tukawa na Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Studio yake ndiyo ilikuwa mlango mkuu. Bendi ilisafiri kilomita zipatazo 190 kutoka Morogoro na nyimbo zake mpya mkononi. Maneno yalipitiwa kwanza. Halafu wote wakapiga kwa pamoja, mwimbaji na magitaa na ngoma, kanda inazunguka. Ukikosea mnarudia wote. Kanda ikabaki redioni, nchi nzima ikausikia wimbo, na mwanamuziki akarudi nyumbani na umaarufu mwingi na hela kidogo. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Waliotaka santuri walitegemea kampuni za Nairobi.

"Masimango", mkusanyo mwingine wa Dizim, una rekodi za RTD za Morogoro Jazz za mwisho wa miaka ya sitini na mwanzo wa sabini, na kwangu hiyo ni namba mbili, kwa umbali mdogo sana. Sauti si safi kama ya studio za sasa, lakini ina hewa. Unasikia chumba. Unasikia watu waliosimama karibu na kutazamana. Gitaa la Mbaraka humo halijionyeshi bado. Anapiga vipande vifupi, anarudia, anageuza kidogo mwisho wa kipande, anarudia tena, kama mtu anayekuuliza swali lilelile kwa namna tatu. Hiyo ndiyo bendi iliyokwenda Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 ya Osaka kuiwakilisha Tanzania. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini, na Mbaraka mwenyewe ana wimbo wenye jina hilo. Ila jogoo wa mji wa mkonge alikwenda kuwika Osaka.

Nyimbo za redio za miaka hiyo zilifanya pia kazi ya gazeti. Tarehe 25 Desemba 1971 Dkt. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliuawa na mkulima huko Isimani, wakati wa mvutano wa kilimo cha ujamaa. Morogoro Jazz walimwimbia. Ukiuweka wimbo huo karibu na nyimbo za mafuriko za Charley Patton unaona kitu cha kuvutia. Patton anaimba kama mtu anayetapatapa ndani ya maji, hana serikali ya kumsikiliza. Morogoro Jazz wanaimba kama watu waliokuja msibani kwa niaba ya taifa. Wimbo mmoja ni wa mtu, mwingine ni wa umma. Yeyote anayetaka kumwita Mbaraka "mfalme wa bluzi wa Afrika Mashariki", nayasikia hayo siku hizi, asikilize nyimbo hizi mbili kwanza. Huzuni ipo kote kuwili. Anayeimba ni "mimi" huku, na "sisi" kule.

Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka, akaanzisha Super Volcano. Sasa unamsikia zaidi kwenye santuri zilizotolewa na Polygram ya Nairobi, na hapo mambo yanabadilika. Gitaa linasogea mbele. Sauti yake inasogea mbele. Mpangilio unakuwa wa pande mbili: upande wa kwanza maneno na kisa, upande wa pili chemko. Unasikiliza habari, unageuza santuri, unacheza. Ile kugeuza ilikuwa sehemu ya wimbo. Mtu alilazimika kuinuka alipokaa, na akishainuka, miguu imeshaanza.

"Shida" ndiyo iliyopendwa kupita zote za kipindi hicho, na inastahili. Lakini ukiisikiliza leo kwenye mkusanyo au mtandaoni, mara nyingi unapewa upande mmoja tu, au pande mbili zimeunganishwa kwa kovu la kelele katikati. Ukipewa kipande cha kwanza peke yake unapata malalamiko matupu. Unamwona Mbaraka mtu wa majonzi, mwanafalsafa wa shida. Ukipewa vyote viwili unaelewa alichokuwa akifanya: anawaambia watu ukweli wa maisha yao, halafu anawapa nafasi ya kuucheza. Wale waliolipa kiingilio mwisho wa mwezi walikuwa na shida za kutosha nyumbani. Hawakuja kuongezewa.

Ndiyo maana nasema muziki ni uleule na si uleule. Ukiondoa upande wa pili umeondoa ukumbi. Ukiondoa ukumbi umeondoa mji. Anabaki mtu mmoja na gitaa, yaani umemgeuza kuwa Robert Johnson bila yeye kuomba.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika. Ulibaki hivyo mpaka 1983. Wanamuziki walibanwa katikati, maana kanda zao ziko upande mmoja na viwanda vya santuri viko upande mwingine. Januari 1979 Mbaraka alifariki Mombasa baada ya ajali ya gari, akiwa na miaka 34. Mombasa ileile ambako Salum Abdallah anasimuliwa kuitafutia meli.

Halafu zikaja albamu. Polygram walizikusanya santuri zake wakaziita "Ukumbusho", juzuu baada ya juzuu, na jina ni la haki kabisa: ni ukumbusho, kama wa hitima. Huko Marekani kampuni ya Columbia ilifanya vilevile mwaka 1961, ilipozitoa nyimbo za Robert Johnson kwenye santuri kubwa moja na kumpa cheo cha mfalme, miaka 23 baada ya kifo chake. Vijana wa Uingereza waliisikia, wakajifunza gitaa, yaliyofuata mnayajua. Siwezi kuibeza kazi hiyo. Bila "Ukumbusho" wengi wetu tusingekuwa na Mbaraka wa kubishania. Kama msikilizaji ninaiweka namba tatu, si kwa ubaya wa nyimbo, bali kwa kuwa inamuonyesha mtu peke yake, amekatwa kutoka kwenye bendi kama picha ya pasipoti iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi.

Kuna mfano wa njia nyingine. Mfululizo wa Zanzibara unaotolewa Ufaransa una juzuu ya tatu iitwayo "Ujamaa", ya muziki wa bara wa miaka ya sitini. Wale hawakuchagua shujaa. Waliziweka bendi bega kwa bega, na ukimaliza kusikiliza unabaki na nchi, si jina moja. Morogoro inahitaji albamu ya namna hiyo: Cuban Marimba na Morogoro Jazz wimbo kwa wimbo, mmoja anachokoza, mwingine anajibu, Salum na Kilaza na Mbaraka na wote waliopiga nyuma yao, tarehe za kurekodi zikiandikwa, pande zote mbili zikiwa kamili. Kanda za RTD zilirithiwa na TBC na zipo Dar es Salaam. Baadhi ya waliopiga bado wanaweza kusikiliza na kusema "huyo kwenye gitaa la kati ni fulani". Kila mwaka unaopita wanapungua, na kanda nazo hazisubiri, zinanyonya unyevu wa pwani.

Mpaka hapo itakapotoka, fanya hivi. Sikiliza "Ngoma Iko Huku" mbili mbili, kama nilivyosema. Sikiliza "Masimango" yote, lakini mara ya pili mwache Mbaraka, mfuate mpiga gitaa la kati kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kisha tafuta "Shida", hakikisha una sehemu zote mbili, na sehemu ya kwanza ikiisha, inuka.